Matege ya Kasuku

Boksi limewekwa sakafuni, kwenye kona isiyo na mwanga mkali, na kifuniko chake kimefunguliwa upande mmoja tu. Hakuna anayeligusa. Mama mwenye nyumba, muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi, amekaa kwenye kigoda hatua chache kutoka hapo, anatazama. Hapa ni Banalia, ukingoni mwa mto Aruwimi, kilomita kama 130 kutoka Kisangani kwa barabara ya Buta, na ndani ya boksi yumo kasuku wa kijivu aliyetolewa asubuhi kwenye duka moja la karibu na kivuko. Kijana aliyemleta anainama apate kumnyanyua. "Acha kwanza, mwanangu," Mama anamwambia. "Tumwangalie. Mkono utakuja nyuma."

Kumwangalia huko kunakula karibu saa nzima. Kasuku mzima husimama juu ya vidole vyake, viwili mbele na viwili nyuma, mwili ukiwa umenyooka. Huyu amekalia vifundo, miguu imetawanyika huku na huku. Akitaka kugeuka anauma ukingo wa boksi na kujivuta kwa mdomo. Ncha za mabawa zinaburuza. Manyoya yana mistari myembamba iliyopauka, imekatiza kwa upana. Kila mstari ni kumbukumbu ya siku ambazo unyoya ulikuwa unaota na mwili hauna cha kuujengea. Mara kwa mara kichwa kinatetemeka, kisha kinatulia. Mama hasemi kitu, ila kidole chake kinagonga goti polepole: anahesabu pumzi kwa kufuata mkia unavyopanda na kushuka.

Habari za nyuma anazitoa kijana kidogo kidogo, kwa sababu Mama haulizi kama askari. Kasuku alitolewa kwenye tundu la mti akiwa kinda asiye na manyoya. Alikuzwa kwa mkate uliolowekwa chai, wali, vipande vya chikwange cha muhogo, na alipokomaa mdomo, karanga. Kizimba chake kilikaa chini ya kaunta, nyuma ya magunia, asiibwe. Kutetemeka kwake walikuona. Walidhani anacheza muziki wa redio.

Lililompata linaeleweka hatua kwa hatua. Kalsiamu haifanyi kazi mifupani peke yake. Damu inaihitaji kila dakika ili moyo upige na misuli iitikie. Chakula kisipoileta, tezi za parathiroidi huamuru itolewe kwenye mifupa. Karanga zina fosforasi karibu mara nne ya kalsiamu, na fosforasi ikizidi hivyo hali huwa mbaya zaidi. Tena, hata hiyo kalsiamu ndogo haifyonzwi vizuri tumboni bila vitamini D3, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, na chini ya kaunta hakuna jua. Basi mwili wa kinda ulikuwa ukijenga na kubomoa kwa wakati mmoja, na mifupa ikakua laini, ikapinda kwa uzito wake yenyewe. Watoto wa watu nao hupata matege kwa njia hiyo hiyo. Mama ameyaona mengi katika kazi yake, na nadhani ndiyo maana hakushtuka.

Kumshika kunafanyika jioni, ndege akiwa ametulia. Taulo laini linamfunika kutoka nyuma, kidole gumba na cha shahada vinashika pande mbili za kichwa chini ya taya, na mkono wa pili unabeba miguu bila kuivuta. Kifua kinaachwa huru kabisa. Ndege hana kiwambo kama chetu; hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, na ukimbana kifua kwa nia njema unamnyima hewa. Mama anapitisha ncha ya kidole juu ya kidari: mfupa uliopaswa kunyooka kama rula umepinda. Anashuka kwenye muundi wa kushoto, anasimama, anarudi juu, anashuka tena. Anatafuta mahali penye joto au uvimbe, dalili ya mfupa uliovunjika karibuni. Hakuna. Mguu umepinda zamani na umeshika hivyo. Hataunyoosha. Mfupa laini ukilazimishwa huvunjika, na bendeji kwenye mpindo wa zamani ni mzigo tu kwa mgonjwa.

Mizani ni ya jikoni, yenye bakuli. Gramu 318. Kasuku mkubwa wa aina hii huwa na gramu 400 na zaidi, mara nyingine 500. Namba inaandikwa katika daftari la shule lenye mistari, pamoja na saa, rangi ya choo na neno moja: "anashika", au "hashiki". Kila alfajiri kabla ya chakula atapimwa tena kwa mizani hiyo hiyo. Ndege huficha ugonjwa kwa manyoya yake, na gramu huonyesha kwanza.

Kizimba kipya kinanishangaza kwa umaskini wake. Hakina ngazi wala bembea, na kijiti kimoja tu kimefungwa vidole vinne juu ya sakafu. Kimeviringishwa kitambaa cha pamba ili nyayo zisipate vidonda, na unene wake haulingani mwanzo hadi mwisho, ili vidole visishike kwa namna moja siku nzima. Sakafuni pametandikwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nyingi. Kuta za seng'enge zimefunikwa kwa ndani na kadibodi, kwa kuwa kasuku akiona seng'enge atapanda, na huyu akipanda ataanguka, na akianguka atavunjika. Maji yako kwenye kisahani kifupi. Nusu ya ustadi wa kazi hii, nilivyoiona, ni kuondoa vitu.

Dawa ya kwanza ni kalsiamu ya maji. Kipimo kilitoka kwa veterineri wa Kisangani kwa simu, kwa hesabu ya gramu za ndege, na Mama alikirudia mara mbili kabla ya kukata simu. Anaivuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, anaweka ncha pembeni ya mdomo, tone moja. Anasubiri ulimi usogee na koo limeze. Tone la pili. Ukimiminia kwa pupa, dawa huingia mapafuni, na ndege hufa akiwa na kalsiamu tele. Kutetemeka kunapungua siku za mwanzo, damu ikishapata haki yake, na hapo ndipo watu wengi huacha tiba. Mama anaihesabu hiyo kuwa ni mlango tu. Damu hupona kwa siku, mifupa kwa miezi.

Kwa hiyo kuna maganda ya mayai. Anayakusanya kwa jirani anayeuza mayai ya kuchemsha, anayaosha, anayachemsha upya, anayaanika juu ya bati. Yakikauka anayakaanga bila mafuta kwenye sufuria mpaka yatoe mlio wa kukatika yakiguswa. Kisha kinu. Anatwanga kwa mchi mdogo, kwa mizunguko zaidi kuliko mapigo, anachekecha kwa kitambaa chembamba, anarudisha kinuni kilichobaki juu. Mwisho anasugua unga katikati ya vidole viwili na sikio likiwa karibu: ukikwaruza bado, haujaiva. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na hapa, mbali na bahari na mifupa ya ngisi wanayotundikiwa ndege wa nchi nyingine, hakuna kilicho rahisi zaidi kupatikana.

Unga huo haunyunyizwi kwenye karanga. Kasuku hubandua kila ganda kwa ulimi na mdomo kabla ya kula, na kalsiamu yote ingedondoka sakafuni pamoja na maganda. Unapakwa kwenye vitu vyenye umajimaji: papai, majani ya mlonge yaliyokatwa, na zaidi ya yote ngazi, yaani chikichi, zilizochemshwa zikapoa. Tunda la mchikichi ndilo chakula cha kasuku wa misitu hii, jekundu kwa mafuta yenye asili ya vitamini A, na huyu, aliyezaliwa katikati ya michikichi, hajawahi kulionja. Lengalenga zinatolewa kidogo tu, maana oksalati iliyomo hufunga kalsiamu isifyonzwe.

Siku ya kwanza anazitupa ngazi zote nje ya kisahani. Mama haondoi karanga. Anapunguza mbili, na kesho yake mbili nyingine. Kisha anakaa mbele ya kizimba na kula ngazi yake mwenyewe, taratibu, kwa kelele za mdomo, bila kumtazama ndege. Kasuku ni wa kundi, na chakula ambacho mwenzake anakila ndicho chakula. Anaendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi, midomo yake ikiwa myekundu, mpaka kasuku anapoikamata ngazi kwa mguu wa kulia, anaigeuza, anaikwangua nyuzi moja moja. Daftarini anaandika: "Ngazi, nusu."

Jua lina utaratibu wake. Saa tatu asubuhi kizimba kinatolewa uani, kadibodi zinaondolewa, na nusu moja inafunikwa mkeka ili ndege achague mwenyewe kivuli au mwanga. Banalia iko karibu mno na ikweta. Saa sita jua hilo linaua. Mama anakaa hapo hapo na fimbo kwa ajili ya mwewe, na kasuku akifungua mdomo na kutenga mabawa kutoka mwilini, wanarudi ndani. Dirisha la kioo halifai, kwa kuwa kioo huzuia ile miale ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D3. Kasuku wa kijivu anaitegemea miale hiyo kuliko jamaa zake wengi: huko Uingereza, daktari wa ndege Michael Stanford aliwalinganisha na kasuku wa Amerika ya Kusini waliofugwa ndani, na taa za miale hiyo zikainua kalsiamu ya damu ya hawa wa Afrika.

Ukutani, juu ya kizimba, anapita mjusi kafiri, na ugonjwa huu ni wake pia, si huyu wa ukutani bali jamaa zake waliofungiwa. Ulaya na Marekani watu wanafuga mijusi wa aina hiyo kwenye masanduku ya kioo na kuwapa nyenje wasiopakwa kalsiamu. Taya zinalegea, mkia unapinda, miguu haiubebi mwili. Wanaojua kuwauguza hufanya kilichofanyika kwenye ua huu: wanaondoa matawi ya kupanda, wanashusha kila kitu chini, wanapaka unga, wanawasha taa ya miale. Mjusi mmoja wa kwetu yumo katika biashara ya mijusi hao, yule wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye miti jamii ya mkadi tu. Yeye na kasuku wa kijivu waliingizwa pamoja, katika mkutano wa mkataba wa CITES wa Johannesburg mwaka 2016, kwenye orodha ya viumbe ambao biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku.

Majuma yanapita bila tukio, na kwa Mama hiyo ni habari njema. Daftari linasema 331, 340, 338, 352. Neno "hashiki" linakuwa "anashika kidogo". Kipimo chake cha nguvu ni kijiti: anakiinamisha upande mmoja kwa upana wa kidole na kungoja vidole vya ndege vikaze. Vikikaza, siku inayofuata anainamisha zaidi kidogo. Visipokaza anarudi nyuma siku kadhaa, bila kunung'unika. Siku ndege anapoanza kutafuna kijiti chenyewe, Mama anacheka kwa sauti, taya zimerudi. Kijiti kinapandishwa vidole viwili. Mkunjo mmoja wa kanga unatolewa chini, mmoja tu.

Mguu wa kushoto haukunyooka, na hautanyooka. Amejifunza kuusimamisha kwa namna yake, kisigino kikiwa ndani, na wa kulia ukibeba zaidi. Mwenye duka alikuja kumtaka. Mama alimpa kiti, akamfungulia daftari ukurasa wa kwanza, akampa muda wa kusoma. Aliondoka mikono mitupu, baada ya kuuliza kama maganda ya mayai yanawafaa kuku wake.

Shirika la Lukuru Foundation limeuguza kasuku walionaswa huko Kindu na Kisangani, na kundi la wenzake ndilo ambalo Mama hawezi kumpa. Kwa hiyo sasa anatayarisha boksi la safari: kijiti chini kabisa, kitambaa kipya, matundu ya hewa pande mbili. Ndege ana gramu 409. Karatasi anayoibandika juu imeandikwa kwa herufi kubwa za muuguzi: anakula ngazi za kuchemsha, karanga asipewe zaidi ya tatu, kalsiamu kwenye papai, jua saa tatu, kijiti kisizidi shibiri moja kutoka chini mpaka mwezi ujao. Mguu wa kushoto usivutwe.