Namna ya Kutambua Ufuatiliaji Mzuri wa Seva ya Kache

Dashibodi inaweza kuwa na grafu thelathini na isimsaidie chochote mtu aliyeamshwa saa nane za usiku kwa sababu tovuti imekuwa nzito. Nyingine ina grafu sita tu, na akiitazama kwa dakika moja anajua pa kushika. Kinachozitofautisha ni kitu kimoja: kazi nzuri ya kukusanya vipimo huzitenganisha hitilafu zinazofanana kwa nje. Hicho ndicho kigezo cha kumpimia fundi na wakala wake, yaani programu inayomkusanyia vipimo hivyo.

Mifano hapa ni ya Memcached, programu aliyoianzisha Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal. Takwimu zake zimekaa wazi, na mtu yeyote anaweza kuzisoma kwa mkono.

Soma mwenyewe kwanza

Kabla ya kumwamini wakala, awe Telegraf au memcached_exporter ya Prometheus, iulize seva moja kwa moja. Ukiwa kwenye mashine hiyo hiyo, andika:

printf 'stats\r\nquit\r\n' | nc localhost 11211

Majibu yatashuka mstari kwa mstari, kila mmoja ukianza na STAT: uptime, curr_connections, get_hits, get_misses, evictions, na mwisho kabisa END. Wakala naye anasoma mistari hii hii. Fundi anayejua kazi yake atakuonyesha kila grafu imetoka kwenye mstari upi. Asipoweza, grafu hiyo ni pambo.

Angalia pia wakala amekaa wapi. Mahali salama ni ndani ya mashine ya kache yenyewe au kwenye mtandao wa ndani. Kuufungua mlango 11211 kwa dunia nzima eti vipimo vipite ni hatari kubwa. Tarehe 28 Februari 2018, GitHub ilishambuliwa kwa mafuriko ya data yaliyofikia terabiti 1.35 kwa sekunde, na silaha yenyewe ilikuwa seva za Memcached za watu wengine zilizoachwa wazi kupitia UDP. Toleo la 1.5.6 likaizima UDP, anayeihitaji aiwashe mwenyewe.

Jumla ya tangu mwanzo si hali ya sasa

get_hits na get_misses zinajumlisha tangu seva ilipowashwa. Ni kama mita ya maji: namba iliyo juu yake haina maana mpaka utoe ile ya mwezi uliopita. Hata hivyo, dashibodi nyingi huigawanya jumla hiyo kama ilivyo na kuiita uwiano wa leo.

Chukua seva yenye maombi milioni 90 yaliyokuta kitu na milioni 10 yaliyokosa. Uwiano ni asilimia 90. Sasa dakika moja mbaya inapita: maombi 30,000 yanakuta, 30,000 yanakosa. Kwa dakika hiyo kache imeshuka hadi asilimia 50, lakini hesabu ya jumla itasoma asilimia 89.98. Mstari kwenye grafu hautatikisika. Kazi nzuri huchukua tofauti kati ya usomaji mmoja na unaofuata, kisha ndiyo ikagawanya.

Tofauti hiyo nayo ina mtego wake. Seva ikiwashwa upya, hesabu hurudi sifuri na tofauti inakuwa hasi. Mfumo mzuri unalitambua hilo, kama inavyofanya rate() ya Prometheus, wala hauchori shimo la uongo.

Hesabu waliokosa

Wengi hujivunia asilimia ya kukuta. Mzigo wa hifadhidata, hata hivyo, unatokana na wanaokosa. Kutoka asilimia 99 kwenda 98 kunaonekana ni jambo dogo, kumbe hifadhidata sasa inapokea maombi mara mbili ya yale iliyokuwa ikipokea kupitia kache. Kwa hiyo tafuta grafu ya maombi yanayokosa kwa sekunde, ikiwa peke yake, kwa kipimo chake yenyewe. Ikikosekana, dashibodi inakuficha jambo lenye gharama kuliko yote.

Kimya si sifuri

Wakala asipopata jibu, aseme hakupata jibu. Kuandika sifuri mahali pa kimya ni kosa kubwa, maana sifuri ni habari: seva iko hai, ila hakuna anayeiuliza. Kuirudia namba ya mwisho ni kosa vilevile, kwa kuwa seva iliyokufa itaonekana nzima. Kazi safi ina kipimo cha pekee kinachosema kama usomaji ulifanikiwa. Tena muda wa kungoja jibu uwe mfupi kuliko muda kati ya usomaji mmoja na mwingine, ili seva iliyokwama isimkwamishe wakala pia.

Chunguza na miunganisho. Kwa kawaida Memcached inakubali miunganisho 1,024, na ikijaa, programu zako zitalalamika huku memori ikiwa na nafasi tele. Fundi makini hukusanya listen_disabled_num na rejected_connections pamoja, kwani toleo na mpangilio wa seva ndivyo vinavyoamua ipi itapanda.

Kinachotimuliwa na umri wake

Memori ikibana, seva hutimua vitu vya zamani ipate nafasi, na evictions inapanda. Wapo wanaoweka king'ora kwenye kila ongezeko, nao huishia kukizima. Kutimuliwa peke yake si ugonjwa. La kuuliza ni kwamba kilichotimuliwa kilikuwa kimekaa muda gani bila kuguswa. Amri ya stats items inajibu kupitia evicted_time, kwa sekunde. Ikisoma siku mbili, kilichoondoka kilikuwa kimesahauliwa. Ikisoma sekunde 40, unatupa vitu vinavyotumika, na memori haitoshi.

Amri hiyo huonyesha pia kila tabaka la ukubwa. Memcached huigawa memori kwa kurasa za megabaiti moja na kuzikabidhi kwa matabaka, kwa hiyo tabaka moja linaweza kubanwa wakati bytes bado iko mbali na limit_maxbytes. Wakala anayeuliza stats peke yake hatakiona kisa hiki. Hakikisha wako anauliza stats items na stats slabs pia.

Jaribio la kumaliza ubishi

Kwenye seva ya majaribio yenye mzigo, fanya mambo matatu, ukiachanisha kila moja kwa muda wa kutosha: iwashe upya; itumie amri ya flush_all, inayobatilisha vitu vyote; mwisho izime kabisa. Kwa mtumiaji wa tovuti yote matatu ni uzito ule ule. Kwa dashibodi nzuri ni picha tatu. Ikiwashwa upya, uptime inaanguka na curr_items inaanza upya. Kwa flush_all, uptime inaendelea, cmd_flush inapanda, maombi yanayokosa yanaruka, na curr_items inaweza isishuke papo hapo kwa sababu vitu vilivyobatilishwa haviondolewi vyote mara moja. Ikizimwa, mistari inakatika na kipimo cha usomaji kinasema umeshindikana.

Picha zote tatu zikitofautiana, kazi hiyo ni ya kuaminiwa. Mbili zikifanana, usiongeze grafu mpya. Rudi kwenye amri ya stats, utafute mstari ambao ungezitenganisha, na umfundishe wakala kuusoma.