Nyota za Watazamaji na Thamani ya Filamu

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita Ruaha Mbuyuni, kijiji cha joto na vitunguu, kabla ya kuukwea mlima Kitonga. Katika mabasi mengi ya njia hiyo filamu huonyeshwa safarini, na abiria huihukumu papo hapo: huyu acheka, yule asonya, wa tatu ataka kujua mwisho wake. Hukumu hiyo haiandikwi popote. Iandikwayo ni ile ya nyota na alama za intaneti, nayo ndiyo aisomayo mgeni wa mbali atakaye kujua thamani ya filamu za Kiswahili. Basi yafaa kuuliza alama hizo zapima nini.

Kwanza, zapima waliopiga kura, si wote waliotazama. IMDb, iliyoanza mwaka 1990, hukusanya alama kutoka 1 hadi 10, na orodha yake mashuhuri ya filamu 250 haipokei filamu yenye kura chini ya 25,000. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Haimo katika orodha hiyo. Asiyejua kizingiti hicho atadhani imepungukiwa ustadi, kumbe imepungukiwa wapiga kura.

Pili, wastani huficha mengi. Watu watano wakitoa 10 na watano wakitoa 1, wastani ni 5.5. Watano wakitoa 6 na watano 5, wastani ni ule ule. Lakini filamu ya kwanza imezua ugomvi, na ya pili imewapita watu bila kuwagusa. Asilimia za Rotten Tomatoes nazo hazipimi kiasi cha kupendezwa: filamu iliyosifiwa kidogo na tisa katika kumi hupata 90, na iliyopendwa mno na sita hupata 60.

Tatu, kura huchezewa, na dawa yake ina madhara. Mwaka 2019, baada ya Captain Marvel kushambuliwa kabla haijaonyeshwa, Rotten Tomatoes ilianza kuwatenga watazamaji waliothibitishwa kununua tiketi. Abiria wa Ruaha Mbuyuni hana tiketi ila ya basi. YouTube, ionyeshayo tamthilia nyingi za Tanzania, ilificha hesabu ya wasiopendezwa Novemba 2021. Tangu hapo msomaji huona sifa tupu.

Haifai kusema kwamba alama hizo ni bure. Kura zikiwa nyingi, humsaidia mtu kuchagua filamu ya jioni. Kosa ni kuzifanya uhakiki. Mtunzi kijana azifuataye atajua kwamba amepata 4. Hatajua kama kilichoharibika ni mazungumzo, sauti au mwisho.

Kamusi haitungwi kwa kuhesabu wangapi walipenda neno. Hutungwa kwa kusikiliza wanavyolitumia. Vivyo hivyo abiria asemaye, "Mwanzo mzuri, lakini mwisho umekatwa," ametoa sababu, na sababu yaweza kupimwa, kupingwa, hata kumrekebisha mtunzi. Nyota haijibiki. Wahakiki wa Kiswahili hawana budi kuyaandika maneno ya namna hiyo kabla basi halijafika Mbeya na abiria kutawanyika.