Daktari Akishanawa Mikono

Mrukaji wa parachuti akishapasuliwa mgongo, kila anayekutana naye humuuliza kama amepona. Ni swali la adabu, lakini halimfai kitu. Mgongo wake hautajulikana kwa picha ya eksirei. Utajulikana pale parachuti inapofunguka na kumkata kasi kwa ghafla, halafu tena pale nyayo zinapogonga ardhi. Ndiyo maana wanajeshi wa miavuli hufundishwa kuanguka kabla hawajapandishwa ndege: miguu pamoja, magoti yamelegezwa, kishindo kipokelewe na nyayo, kipite kwenye muundi, paja na nyonga, kiishie upande wa mgongo, ili pingili zisikibebe peke yake. Anayetaka kumrudisha mtu huyo angani hana budi kuanza na kishindo hicho: kinakuja kwa uzito gani, kinapigia wapi. Bear Grylls wa Uingereza alivunjika pingili tatu mwaka 1996 katika ajali ya parachuti barani Afrika, na Mei 1998 alikuwa juu ya kilele cha Everest. Dunia ilisifu ushupavu wake. Mimi ningeigawa sifa hiyo, sehemu iende Headley Court, kituo cha jeshi alikofanyishwa mazoezi miezi mingi na watu ambao hakuna aliyewauliza majina.

Ufundi wao ndio ninaousifu hapa, na nausifia Lodwar na Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambako harukii mtu angani kwa starehe. Upasuaji wa mgongo kwa kawaida hufanywa mbali, Eldoret au Nairobi. Mgonjwa hurudi kwa barabara, kilomita kama 300 kutoka Kitale hadi Lodwar, na 120 nyingine akiwa ni wa Kakuma, mfukoni ana karatasi iliyoandikwa asiinue vitu vizito. Vizito ni vipi? Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na kabla haujafika kichwani maji yenyewe hufukuliwa mchangani mwa laga, yaani mto uliokauka, mtu ameinama ndani ya shimo, anachota kwa bakuli na kumpokeza aliye juu. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kuna gunia la mgao la kufikishwa nyumbani. Hata kukaa ni kazi. Mwanamke anayesuka vikapu vya ukindu wa mkoma huketi chini, miguu ameinyoosha mbele. Misuli ya nyuma ya mapaja huivuta nyonga, kiuno kikapinda, na kikabaki kimepinda saa nzima. Kitabu cha mazoezi kilichochapishwa Ulaya kitamshauri achague kiti kizuri. Fizio, yaani mtaalamu wa fiziotherapia, anayeijua kazi yake atamkunjia ngozi au gunia amwekee chini ya makalio, nyonga ipande kidogo, amwegemeze ukutani, kisha amwambie asimame kila anapomaliza mzunguko mmoja wa kikapu. Hakutumia chombo chochote cha kununua, lakini ilimbidi kwanza aione kazi yenyewe ikifanywa.

Wapo watakaosema mgongo ulioshikwa na kisu unataka kupumzishwa, basi. Tiba yenyewe iliwahi kuamini hivyo, na ikajikosoa. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake walichapisha utafiti katika New England Journal of Medicine: wagonjwa wa maumivu ya kiuno walioambiwa walale siku mbili walikosa kazi siku chache zaidi kuliko walioambiwa walale siku saba. Hao hawakuwa wamepasuliwa, nakubali, na mshono unadai subira yake. Lakini tazama hata waliokatika uti wenyewe. Kabla ya Ludwig Guttmann kufungua wodi yake Stoke Mandeville mwaka 1944, wengi wao walilazwa tu wakisubiri vidonda vya mgongoni na maambukizi ya mkojo yawamalize. Yeye aliwageuza usiku na mchana, akawakalisha, akawapa kazi za mikono, akawachezesha. Michezo ya Paralimpiki ilichipuka katika ua wa hospitali hiyo mwaka 1948.

Pingamizi la njaa ni zito zaidi. Kaunti inayoandamwa na ukame, wanasema, na kambi inayohesabu mgao tangu 1992, haiwezi kujishughulisha na viuno vya watu. Nami nauliza: mgao unabebwa na nani? Mifugo inanyweshwa na nani? Jirani na Kakuma, huko Lokichoggio, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya Lopiding kuanzia 1987 hadi 2006 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Hakukuwa na mahali penye dharura kuliko pale, na bado kulikuwa na karakana ya viungo bandia. Mafundi wa kazi hii huchukua umbo la mwili kwa plasta, wakaliongezea plasta pale ambapo mfupa hautaki kuguswa, kisha wakalifunika kwa bapa la plastiki lililolegezwa kwa moto. Kwa njia hiyo hiyo hutengenezwa gamba la kushikilia mgongo. Waliopanga Lopiding walielewa kwamba kumpasua mtu na kumwacha hapo ni kuuongezea ukoo wake mdomo na kuupunguzia mikono.

Linabaki jambo moja ambalo sioni njia rahisi ya kulijibu. Mrukaji amejichagulia hatari yake. Mwanamke wa lagani hakuchagua. Je, ni haki kumfundisha mtu kurudia kazi inayomvunja? Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba wanawake Waluo na Wakikuyu waliozoea kubeba huchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Kwa mwenye kilo 55 hiyo ni kilo 11, karibu nusu ya mtungi. Utafiti huo ulipima pumzi, haukupima pingili, kwa hiyo siwezi kuutumia kama kibali. Unanipa tu pa kuanzia majadiliano. Nusu mtungi humaanisha safari mbili, na safari mbili juani zina gharama yake. Punda hulipunguza tatizo, ikiwa yupo. Binti hulipunguza pia, lakini binti anatakiwa shuleni. Hapo fizio inambidi aache kuzungumza na mgonjwa peke yake, amwite mume, mama mkwe na yeyote mwenye neno katika boma hilo, wapatane ni lita ngapi, mpaka mwezi gani, na nani atashuka shimoni badala yake. Kisha ayaandike hayo kwenye ile karatasi iliyotoka Eldoret, chini ya mstari unaokataza vitu vizito.