Kipoza Prosesa Husomwa Kuanzia Kitakoni

Kipoza cha prosesa kikiwekwa mezani, jicho hukimbilia mnara: mapezi membamba ya aluminiamu, feni ubavuni, na siku hizi taa za rangi juu. Picha ya kwenye boksi nayo hupigwa ili tuanzie hukohuko. Kwa maoni yangu umbo hili lisomwe kwa kupinduliwa. Kitako ndipo joto linapoingilia, na ndipo mnunuzi wa bei nafuu anapoweza kujua kama fedha yake imelipia kazi au imelipia pambo.

Tuchukue prosesa moja inayomlazimu mtu kuchagua: Ryzen 7 5700X ya AMD, iliyotoka mwaka 2022 na kuuzwa bila kipoza ndani ya boksi. Imeandikwa wati 65, lakini kwa mpangilio wa kiwandani huruhusiwa kuvuta hadi wati 76. Viini vyake vyote 8 vimo kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye milimita za mraba zipatazo 81. Hakifikii hata sentimita moja ya mraba. Sehemu kubwa ya joto huzaliwa humo. Tena kipande hicho hakikai katikati. Chini ya kifuniko cha chuma kimesogezwa upande mmoja, kwa kuwa kinagawana nafasi na kipande cha pili kinachoshughulikia kumbukumbu na mawasiliano. Kwa hiyo swali la kumuuliza mbunifu wa kipoza ni moja: joto linalotoka kwenye eneo dogo namna hii, tena lililo pembeni, umelipokeaje?

Hyper 212 EVO ya Cooler Master, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyotajwa kwanza kila mtu alipouliza kipoza cha bei nafuu, inajibu kwa kuondoa kila kilicho katikati. Mabomba yake manne ya shaba, ya milimita 6 kila moja, yamebanwa yakawa bapa upande wa chini, yakasuguliwa na kuachwa wazi ili yaguse kifuniko cha prosesa yenyewe. Mtangulizi wake, 212 Plus, alikuwa na vipande vya aluminiamu kati ya bomba na bomba. EVO ikayasogeza mabomba hadi yakakaribiana kabisa. Pitisha ukucha hapo utahisi michirizi yanapokutana. Ni wazo safi, nami nalipenda kwa ujasiri wake. Lakini lilifaa zaidi prosesa ambazo kiini cha joto kilikaa katikati. Chini yake kukiwa na 5700X, mabomba yaliyo juu ya kipande cha silikoni hubeba mzigo mkubwa, na lililo upande wa mbali hupata joto kidogo.

Peerless Assassin 120 SE ya Thermalright inajibu kwa njia nyingine. Mabomba yake sita hayagusi prosesa. Yamelala ndani ya bamba la shaba lililopakwa nikeli, na bamba ndilo linalogusa. Ukilitazama haraka utadhani limeongeza kizuizi, ila shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya aluminiamu, na unene ule mdogo unatosha kulisambaza joto pembeni kabla halijafika kwenye mabomba. Kwa chanzo kidogo kilichokaa upande mmoja, hili ndilo jibu sahihi. Bei yake Marekani imekuwa ikizunguka dola 35, na kwa bei hiyo kitako cha namna hii ni kazi ya kuheshimiwa.

Mabomba yenyewe wengi huyadhani kuwa fimbo za shaba. Ni matupu. Ndani mna maji kidogo sana, hewa imeondolewa, na ukuta wa ndani umefunikwa kwa utando wenye vitundu vidogo. Maji huchemka upande wa prosesa kwenye nyuzijoto za chini kwa sababu ya shinikizo dogo, mvuke hukimbilia kwenye mapezi, hupoa na kurudi kuwa maji, kisha utando huyanyonya hadi yalikotoka. Richard Gaugler wa General Motors alipata hataza ya wazo hilo Marekani mwaka 1944. George Grover wa Los Alamos akalifufua na kulijenga mwaka 1963. Kwa kuwa maji hurudi kwa kunyonywa, mnara hufanya kazi hata ukilala ubavu, na ndivyo unavyokaa ndani ya kasha lililosimama.

Juu ya mabomba habari ni fupi. Minara miwili ya Peerless Assassin na feni zake mbili za milimita 120 huongeza eneo la kutolea joto, lakini wati 76 hazihitaji eneo lote hilo. Msongamano uko chini, kwenye ile sentimita isiyotimia. Mnara wa pili kwa prosesa hii unanunua utulivu: feni huweza kuzunguka polepole, mbali na kikomo chake cha mizunguko 1,550 kwa dakika. Taa haziongezi chochote.

Ninalolipa uzito kuliko wahakiki wengi ni namna ya kufunga. EVO hufungwa kwa chuma chenye umbo la msalaba, kinachopitishwa kati ya kitako na mapezi, na mikono yake hujongea kama mkasi. Hadi skrubu zote nne zishike, mnara huteleza juu ya pesti ya kupitishia joto iliyopakwa kwenye prosesa na kuivuruga. Thermalright imeweka skrubu mbili zenye springi, kila moja upande wake wa kitako. Unaitoa feni ya kati, unapitisha bisibisi ndefu, unakaza kidogo upande huu na kidogo upande ule hadi mwisho. Shinikizo linakuwa sawa kwa sababu umbo limelilazimisha kuwa sawa. Fundi wa mara ya kwanza atafaulu.

Hakuna kipoza cha hewa kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na hili lina uzito pwani. Vipimo vingi hufanyiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Prosesa iliyopanda nyuzi 45 juu ya chumba cha nyuzi 22 itasoma 67. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, kifaa kilekile kitasoma 77. AMD imeweka kikomo cha 5700X kwenye nyuzi 90, kwa hiyo bado tuko salama, mradi mapezi yasizibwe na vumbi.

Basi kwa prosesa hii ningechukua Peerless Assassin, baada ya kupima kasha. Ina kimo cha milimita 155, nafuu kidogo kuliko 159 za EVO, lakini feni ya mbele hukaa juu ya vijiti vya RAM. Vijiti virefu vitakulazimisha kuipandisha feni, na hizo milimita 155 hazitakuwa 155 tena. Kasha likiwa jembamba, kipoza cha mnara mmoja chenye bamba zima la shaba kitakoni kitatosha kwa wati 76, kwa sauti ya juu kidogo tu.