Unatarajiwa na Nani?

Bibi yangu anakaa Kagondo, wilayani Muleba, kwenye nyumba ambayo maji yake hutoka chemchemi ya bondeni, na bonde lenyewe ni la kushuka ukiwa na dumu tupu na kupanda ukiwa na dumu limejaa. Miaka michache iliyopita niliandika habari fupi kuhusu mradi mmoja wa maji wa upande ule. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa: mradi huo unatarajiwa kukamilika mwezi Juni. Mjomba akamsomea bibi kwenye simu. Bibi akauza mbuzi, akanunua mabomba ya plastiki na koki, akamlipa fundi achimbe mtaro kutoka barabarani mpaka nyuma ya jiko, katikati ya migomba.

Juni ikaja, ikapita. Nilipokwenda likizo ya Desemba nikaikuta koki imesimama kwenye nguzo yake, imefunikwa na kopo la blueband ili wadudu wasijenge ndani. Nikamwamkia bibi, tukaongea habari za nyumbani, tukala. Kisha akaniuliza, wala si kwa hasira: "Hivi wewe mjukuu wangu, uliandika maji yanatarajiwa. Yalikuwa yanatarajiwa na nani?"

Mimi ni mwandishi wa habari, nimesoma chuo kikuu, na sikuwa na jibu.

Ukweli ni kwamba sentensi ile haikuwa yangu. Ilitoka kwenye taarifa ya Kiingereza iliyotumwa ofisini kwetu, ambamo mradi ulikuwa "is expected to be completed". Niliitafsiri ndani ya sekunde tatu nikiwa natafuna karanga. Kwa hiyo swali la bibi linaanzia kwenye kitenzi cha watu wengine, na inabidi tukitazame kidogo kabla ya kurudi nyumbani.

"Expect" ni kitenzi chenye tamaa. Mwingereza akiona mawingu anakitumia. Bosi akitaka uwe kazini saa mbili kamili anakitumia hicho hicho, na hapo si utabiri tena, ni amri iliyovaa suti. Ukimuuliza mtu kama duka limefungwa, atakitumia kwa maana ya "nadhani hivyo". Mwanamke mwenye mimba naye "is expecting", basi, bila hata kutaja anatarajia nini. Na Dickens, kwenye ile riwaya yake ya 1861 yenye jina lililotokana na kitenzi hiki, anakichezea kwa maana ya mali ambayo kijana anasubiri kuipata kwa mtu mwingine. Utabiri, agizo, kisio, mimba, mirathi: vyote kwenye gunia moja.

Kuna kisa cha kweli ninachokipenda hapa. Mwaka 1805, kabla ya mapigano ya majini ya Trafalgar, Nelson alitaka kuwapelekea mabaharia wake ujumbe kwa bendera kwamba Uingereza ina imani kila mmoja atatimiza wajibu wake. Ofisa wake wa ishara, Pasco, akamwomba abadilishe kitenzi. Lile neno la imani halikuwemo kwenye kitabu cha ishara, lingebidi lipandishwe herufi moja moja. "Expects" lilikuwemo tayari. Nelson akakubali, na imani ikageuka kuwa agizo kwa sababu ya haraka. Namuelewa sana Pasco. Chumba cha habari nacho kina bendera zake zilizokwishashonwa, na "inatarajiwa" ndiyo tunayoipandisha kila siku.

Sasa njoo kwetu. Kiswahili hakikuliacha gunia hilo moja. Kina kutumaini, kutarajia, kutegemea, kutazamia, kusubiri, kungoja, na ukiyasikiliza vizuri maneno haya hayalingani hata kidogo. Kutumaini kumetoka kwenye Kiarabu, kwenye neno la utulivu wa moyo: anayetumaini huenda hana ushahidi wowote mkononi, ila moyo umetulia. Kutarajia nako ni kwa Kiarabu, kwenye neno la matumaini, lakini matumizi yetu yamekipa uzito wa kuwa na dalili fulani. Umeona kitu ndipo ukatarajia. Kusubiri kuna subira ndani yake. Kungoja hakuna, ndiyo maana tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na sijawahi kumsikia mtu akisema subira huumiza matumbo.

Kutazamia ndicho ninachokionea huruma zaidi maana kinasahaulika. Ni kutazama kwa ajili ya kitu, kukaza macho njiani. Mganga wa ramli naye hutazamia. Dada yangu alipokuwa mjamzito nesi alimwandikia kwenye kadi tarehe ya matazamio, na nilifurahi kuona kitenzi hiki bado kimeajiriwa mahali. Cha ajabu ni kwamba Kilatini, alikozaliwa "expect", kilikuwa na wazo hilo hilo: exspectare ni kutazama nje, kuchungulia kama kuna anayekuja. Kwa hiyo kama kuna neno letu ambalo ni ndugu wa damu wa kitenzi kile cha Kiingereza, ni hili, na ndilo ambalo wanahabari tumelitupa.

Halafu kuna kutegemea, na hapa ugomvi ni mkubwa. Mtaani kila mtu husema "nategemea kusafiri kesho", "tunategemea wageni". Walimu wa Kiswahili hukasirika: kutegemea, wanasema, ni kuegemea, ni kuweka uzito wako juu ya kitu, huwezi kuutegemea ugeni. Nilipokuwa chuo nilikuwa upande wao. Nilifuta "nategemea" za watu kwa kalamu nyekundu na kujiona msomi.

Siko upande wao tena. Bibi alisoma, au tuseme alisomewa, neno "unatarajiwa", lakini alichofanya ni kutegemea. Aliweka uzito wake. Mbuzi aliondoka. Watu wanaposema "nategemea" badala ya "natarajia" mara nyingi hawakosei kabisa. Wanasema ukweli kuhusu maisha yao, kwamba kusubiri kitu bila kukiegemea ni anasa ya mtu mwenye kitu kingine cha kuegemea. Methali zetu zenyewe hazijakubaliana juu ya kitenzi hiki. Moja inaonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, nyingine inasema mtegemea nundu haachi kunona. Zote mbili, angalia, zinajua kwamba kutegemea kuna matokeo mwilini: unakufa au unanenepa. Kutarajia hakumnenepeshi mtu wala kumuua, ndiyo maana maofisa wanakipenda.

Tena wanakipenda kikiwa katika kauli ya kutendwa. "Serikali inatarajia kujenga" angalau ina mwenyewe, unaweza kumrudia. "Barabara inatarajiwa kujengwa" haina mwenyewe. Ni sentensi iliyoachwa mlangoni usiku. Sisemi kauli hiyo ifutwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema mvua za Vuli zinatarajiwa kuwa za wastani katika ukanda wa Ziwa Victoria, naridhika, kwa sababu mvua haina meneja na anayetarajia anajulikana: ni watu wenye vipimo. Hakuna anayemdai mvua ahadi. Kuwekwa kwa mradi wa maji kwenye sarufi ile ile ya mvua ndiyo hila ninayoisema. Mkandarasi anakuwa kama wingu.

Nilikuwa nalifikiria hili niliporudi kukisoma upya kitabu ambacho chuoni nilikisoma vibaya, nikiruka kurasa ili niwahi mtihani: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Ni riwaya ya mke na mume ambao hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anamfuata ukweni, anatozwa pombe ya ndizi, na anarudi kuihangaikia. (Msomaji wa Kagera hahitaji maelezo ya chini hapa. Sisi rubisi tunaijua.) Baadaye mganga Kibuguma anamtibu Bugonoka, na siku zinapotimia anazaliwa Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali.

Hebu jaribu kukisimulia kisa hicho kwa "expect" peke yake. Ndugu wa mume "expect" mtoto, maana yake wanadai. Bugonoka "is expecting", lakini Kiingereza kinamruhusu kitenzi hicho tu baada ya mimba kuingia, na kiini cha riwaya ni kabla yake, zile siku ambazo hana hata dalili moja ya kuonyesha. Yaani kitenzi kinampa neno siku ambayo haya ameshayapita. Kwa Kiswahili tunaweza kumgawia kila mtu lake. Ndugu wanadai. Mume anamtegemea mke, kwa maana ya kuegemea, na riwaya inaonyesha hilo anapobaki peke yake nyumbani. Bugonoka anatumaini. Kibuguma ndiye pekee ninayeweza kusema kwa usahihi kwamba anatarajia, kwa sababu ana dawa mkononi na anajua anachokitazama.

Kuna wasomaji wanaolalamika kwamba Kitereza ni mrefu, anasimama kueleza kila kazi, kila ziara, kila chungu. Nami nililalamika. Sasa naona urefu ule ndio maana yenyewe. Wale watu hawakai chini wakasubiri. Wanalima, wanapika pombe, wanatembeleana, wanachimba dawa, na kurasa zinapita kama miezi inavyopita kwa mtu asiye na tarehe ya matazamio. Mwandishi mwingine angeandika "walisubiri kwa muda mrefu" akaendelea na safari. Ningeandika hivyo mimi.

Na kuna kusubiri kwa pili, nje ya kitabu. Kitereza alizaliwa 1896. Akiwa kijana alisoma seminari ya Rubya, ambayo iko huku huku Muleba, na huko akajifunza Kilatini. Kwa hiyo exspectare alikutana nayo darasani, katika wilaya ile ile anakokaa bibi yangu. Riwaya yake aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha iliyo ndugu na Kihaya. Haikupata mchapishaji. Akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, mzee tayari, kitabu chote hicho kirefu upya. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki, kabla nakala zilizochapwa hazijamfikia mkononi. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mtoto wa Ukerewe, ilitoka 2002.

Miaka 35 kutoka Kikerewe mpaka chapa ya Kiswahili. Utatumia kitenzi gani? Kama ningekuwa naandika tanzia kwa haraka ningesema kitabu chake "kilitarajiwa" kwa muda mrefu, na ingekuwa uongo, kwa sababu karibu hakuna aliyekuwa akikitarajia isipokuwa yeye na watu wachache walioujua muswada. Kusema alingoja nako hakutoshi. Mtu anayengoja hakai akatafsiri kitabu kizima. Mimi ningesema alitazamia. Alikaa kisiwani akikaza macho njiani, huku mikono inafanya kazi.

Najua kuna atakayesema nafanya mlima kutokana na neno moja, kwamba lugha hubadilika na msomaji wa kawaida anaelewa tu. Anaelewa, ndiyo. Bibi alielewa vizuri sana, kuliko nilivyoelewa mimi niliyeandika. Kwetu kila Novemba watu hutega senene kwa taa kali, mabati na mapipa, na baadhi ya usiku hawapati hata kikombe kimoja. Sijasikia mtu akilalamika kwamba aliahidiwa. Taa ni zake, bati ni lake, anajua amewekeza nini na kwa nani. Tofauti ya senene na maji ya bomba bibi anaijua bila kamusi.

Siku hizi taarifa ikija na "is expected", nampigia aliyeituma na kumuuliza ni nani anayetarajia na kwa dalili gani. Wengi hucheka. Mmoja aliniambia, "Andika tu, ndugu yangu, ndivyo inavyoandikwaga." Mwingine alinitajia jina la mkandarasi na kiasi kilichokuwa bado hakijalipwa, nikapata habari nyingine kabisa, bora kuliko ile ya kwanza. Mhariri wangu hakupenda urefu wake, ila aliipitisha.

Koki ya bibi bado ipo. Nilimwambia naweza kumtuma fundi aing'oe na kuuza mabomba, angalau hela ya mbuzi irudi kidogo. Akakataa. Nikadhani ni yale matumaini, nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji. "Matumaini gani?" akasema. "Kamba ya nguo nimeifunga pale. Ukiing'oa nguo zangu nitaanika wapi?"