Alama za Maji Yaliyokwisha Kukauka

Mpira wa rejeta ukipasuka mlimani, hahitajiki fundi wa kueleza kilichotokea. Mvuke unajitangaza wenyewe. Ufundi unaanzia kwenye lile gari linalopungua maji kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na chini pakavu. Mwenye gari anajaza, anaondoka, anajaza tena, hadi dumu la maji linapata nafasi yake ya kudumu kwenye buti.

Babati gari la namna hiyo haliwezi kujificha sana. Mji umekaa kwenye njia panda ya Arusha, Singida na Dodoma, mita 1,300 na kitu juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Magugu anakuja kwa kupanda. Anayekwenda Kondoa ana milima yake, na tangu lami ya kutoka hapa hadi Dodoma ikamilike mwaka 2018, watu wanaipanda kwa kasi ambayo Corolla ya miaka ya tisini ingepaswa kuombwa ruhusa kwanza.

Fundi ninayemsifu hashiki spana mapema.

“Fundi, gari linamaliza maji.”
“Linadondosha?”
“Hapana, chini pakavu.”
“Liache hapa lilale, kaka. Kesho asubuhi usiliwashe kabla sijafika.”

Wateja wengi hukereka hapo. Lakini injini ikiwa ya moto, tone hukauka juu ya chuma kabla halijafika chini. Tena chuma na mpira hutanuka kwa joto: klampu iliyobana barabara mchana huachia alfajiri, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo Babati hata boda hawavui makoti. Mvujo unaotafutwa saa nane mchana unaweza usiwepo kabisa saa hiyo.

Asubuhi anafungua boneti na kumulika kwa tochi ya simu. Hatafuti maji, anatafuta yalikopita. Kulanti nyekundu ikikauka huacha unga wa rangi ya waridi. Maji ya kisima, ambayo huku Bonde la Ufa yana madini mengi, huacha ukoko mweupe wa chokaa. Anapitisha kidole chini ya wota pampu, kwenye kile kitundu ambacho kiwanda kimekiacha makusudi ili sili ya ndani ikichoka maji yapate pa kutokea. Kidole kikirudi na unga, kesi imekwisha. Kikirudi na vumbi tu, anahamia kwenye rejeta, pale kichwa cha plastiki kilipobanwa na alumini, ambapo ufa mwembamba kama unywele hufunguka mlimani na kujifunga gari likipoa. Halafu anainua zulia la upande wa abiria na kunusa: hita ikivuja, harufu yake ni tamutamu. Huku hita haiwashwi na mtu, kwa hiyo huoza bila kushitakiwa.

Kitu ambacho mafundi wa haraka hukiruka ni kifuniko cha rejeta. Nadhani ni kwa sababu hakifanani na mashine. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo ya tisini kimeandikwa 0.9: huo ndio mgandamizo ambao springi yake inaushikilia kabla ya kuachia. Hapa petu, maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Kifuniko kizima hupandisha kiwango hicho hadi kupita nyuzi 110. Springi ikilegea, maji hutapikwa kwenye chupa ya akiba, na chupa ikijaa humwagikia barabarani huko huko mlimani. Nyumbani unafika na sakafu safi. Kuna vali ya pili ndogo katikati, inayorudisha maji injini ikipoa. Hiyo ikiganda, asubuhi utakuta mpira wa juu umebonyea. Fundi anayejua huutazama mpira huo kabla hajagusa chochote, maana akifungua kifuniko tu, ushahidi umepotea.

Silinda hedi anaiacha mwisho, ingawa mtaani ndiyo hutajwa kwanza. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, au plagi moja iliyooshwa nyeupe wakati wenzake ni kahawia, ndiyo yanayompa haki ya kufungua gasketi. Bila hayo, kushusha hedi ni kubahatisha kwa pesa ya mtu mwingine.

Na wapo wanaotia bizari au yai ndani ya rejeta, wapo wanaong'oa thamostati na kuitupa. Bizari huziba tundu, kisha huziba na vijia vya rejeta. Thamostati za Toyota hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiing'oa, injini inakawia kupata joto lake, inakula mafuta, inalika, na mvujo upo pale pale. Huo siuiti ufundi hata ukilifikisha gari Singida.

Kazi ikiisha, ugomvi ni wa malipo. Kifuniko kipya ni kitu cha bei ndogo, na mteja anakishika mkononi akiuliza ufundi wa kukifunga unawezaje kuzidi bei ya kifuniko chenyewe. Fundi hafui dafu kwa maneno. Anataja tena bei yake, anapunguza kidogo, anasubiri. Mimi ningelipa ile ya kwanza.