Umleavyo, Si Umwambiavyo

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Tumeisikia methali hii kwenye mahafali, kwenye vikao vya harusi, kwenye hotuba za wageni rasmi, mpaka imekuwa kama mlio wa feni: ipo, ila hakuna anayeisikia. Hebu tuisikilize upya. Kitenzi chake ni kulea. Haikusema umwambiavyo, wala umwonyavyo. Na kulea, kila aliyelea anajua, ni kazi ya mikono na ya muda mrefu: kulisha, kuogesha, kushika mkono wakati wa kuvuka barabara, kurudia jambo lile lile leo, kesho na mtondo.

Sasa chukua vitabu kumi vya hadithi za watoto wadogo kutoka duka lolote la vitabu, Dar es Salaam au Nairobi. Visome jioni moja, ni vifupi tu. Kisha jiulize: ni vingapi vinalea, na ni vingapi vinaambia?

Kitabu ninachokisema wengi mnakijua, hata kama jina la mhusika hubadilika. Kuna mtoto hapendi kupiga mswaki. Mama anamwambia apige mswaki, hasikii. Dada anamwambia, hasikii. Usiku jino linauma, analia, anapelekwa hospitali, daktari analing'oa. Mtoto anajuta na kuahidi kwamba kuanzia leo atapiga mswaki kila siku. Ukurasa wa mwisho una maswali, na la mwisho kabisa ni lile lile la siku zote: "Umejifunza nini kutokana na hadithi hii?"

Jibu la kweli ni kwamba mtoto amejifunza kuogopa jino. Mswaki wenyewe hajaushika hata mara moja tangu ukurasa wa kwanza. Hatujui unawekwa wapi nyumbani kwao, maji anachota nani, anaanzia meno ya mbele au ya nyuma, anasukutua mara ngapi, na kwa nini ile dawa ya meno inamkera mpaka anakimbia. Na jambo la mwisho ndilo hadithi yenyewe! Mtoto wa miaka minne ana sababu zake za kukimbia mswaki. Pengine povu linamwasha, pengine kaka yake anamcheka, pengine kule bafuni kuna giza. Mwandishi hakuuliza. Alikuwa na haraka ya kufika kwa daktari.

Siwalaumu waandishi peke yao. Mnunuzi mkubwa wa vitabu vya watoto ni shule, kwa hiyo mchapishaji anaandaa kitabu huku jicho moja liko kwenye muhtasari wa somo. Usafi, sawa. Utii, sawa. Ushirikiano, sawa. Kila kitabu kinabeba neno lake moja la maadili kama kifurushi, na kazi ya hadithi ni kukifikisha tu. Ndiyo maana wahusika hawana uso. Unaweza kumhamisha mtoto wa kitabu cha usafi ukamweka kwenye kitabu cha uvivu na hakuna atakayeshtuka.

Wengine watasema ndivyo fasihi yetu ilivyo tangu zamani, kwamba Waswahili ni watu wa mawaidha. Hapo ndipo ninapokataa. Mawaidha ya zamani yalikuwa na kitu ambacho vitabu hivi vimekipoteza.

Tazama Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Binti si mtoto mdogo pale, anaandaliwa kwa maisha ya ndoa, na sehemu kubwa ya utenzi inahusu kumtii mume. Wapo wanaoupinga kwa sababu hiyo, na hoja yao ni nzito. Mimi mwenyewe binti yangu nisingempa usia ule kama ulivyo. Ila tuache kwanza nini kinafundishwa, tuangalie kinafundishwaje.

Mama ni mgonjwa. Anamwita binti akae karibu na kalamu na karatasi. Kabla ya amri yoyote kuna miili miwili imekaa pamoja na kuna kazi ya mkono, maana binti ndiye mwandikaji. Anachopewa anakielezewa kama kitu cha kuvaa: hirizi ya kufungwa mwilini, kidani cha lulu na marijani. Na yanapofika mafunzo yenyewe, Mwana Kupona haishii kwenye neno "heshima". Anaeleza mtu akilala asiamshwe wala asipigiwe kelele, anaeleza kupepea, anaeleza manukato. Anafika mahali pa kusema mume atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Kubali au kataa, lakini umeona. Heshima imegeuka kuwa kipepeo mkononi na nyayo zinazotembea polepole. Msomaji wa leo anaweza kubishana naye kwa sababu amesema jambo lenye umbo. Kitabu kinachosema "tuwaheshimu wakubwa" utabishana nacho nini?

Tena kuna hadithi ya zimwi na ngoma, inayosimuliwa kwa namna nyingi pwani na bara. Wasichana wanakwenda ufukweni kuokota kome na makombe. Mmoja anasahau kombe lake juu ya jiwe, wenzake wanakataa kurudi naye, anarudi peke yake huku akiimba ili kujipa moyo. Zimwi linamkamata, linamtia ndani ya ngoma, linazunguka naye kijiji kwa kijiji. Likipiga ngoma, mtoto anaimba ndani, watu wanashangilia na zimwi linalishwa vizuri. Mpaka linapofika kijijini kwao, wazazi wanaisikia sauti, wanaijua, wanamtoa mtoto wao, na ndani ya ngoma wanatia nyuki na wadudu wengine wa kuuma.

Siku hizi ukiikuta imeandikwa kwa ajili ya watoto, mara nyingi inaishia na funzo moja: usitembee peke yako. Funzo si baya. Lakini jamani, hadithi ina mengi kuliko hilo! Wenzake waliokataa kurudi naye wana jambo la kujibu. Wanakijiji waliocheza ngoma bila kujiuliza sauti ya mtoto imetoka wapi, nao wana jambo la kujibu. Na mtoto mwenyewe hakuokolewa kwa utii. Aliokolewa kwa sauti yake, na kwa sababu nyumbani walikuwepo watu waliokuwa wanaijua sauti hiyo vizuri kiasi cha kuitambua ndani ya ngozi ya ngoma.

Hapa suala linatoka kwenye ladha ya fasihi na kuwa zito zaidi. Vitabu vyetu vingi vya tabia njema vinamfundisha mtoto jambo moja kuliko yote: mkubwa akisema, wewe fanya. Mtoto mwema ni yule aliyenyamaza, aliyekubali, asiyeuliza. Tunajua, kila mmoja wetu anajua, kwamba mtu anayemdhuru mtoto kwa kawaida si zimwi la porini. Ni mkubwa anayefahamika, anayesalimiwa shikamoo kila asubuhi. Mtoto aliyefundishwa utii mtupu hana neno la kumwambia mtu huyo. Hajawahi kuona kwenye kitabu chochote mtoto mwenzake akisema "sitaki" na bado akabaki mtoto mwema mpaka ukurasa wa mwisho. Kusema "sitaki", kwenda kumwambia mama, kurudia kumwambia kama mara ya kwanza hakusikia: hizi ni stadi za maisha kama kunawa mikono, na zinahitaji kuonyeshwa hatua kwa hatua kama kunawa mikono. Wasimuliaji wa zimwi na ngoma walishaliona hilo. Sisi tumelifuta tukabakiza onyo.

Na adhabu je? Kuna anayeamini bado kwamba hadithi bila kuchapwa haifundishi. Huyo namwelekeza kwa Shaaban Robert, ambaye hakuna atakayemshtaki kwa kudharau maadili. Katika Adili na Nduguze wahusika wamebeba sifa zao kwenye majina: Adili, na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu. Ndugu hawa wanamtupa Adili baharini kwa wivu, jini Huria anawageuza manyani, na Adili anaamriwa awachape kila usiku. Hapo ndipo wengi wa waandishi wetu wa leo wangeweka nukta: wabaya wameadhibiwa, umejifunza nini?

Shaaban Robert ndiyo kwanza anaanza. Anamfanya Adili awachape huku moyo unamuuma, kisha awalishe na kuwabembeleza. Anaiweka hadithi chini ya mfalme Rai, ambaye kwenye nchi yake hata wanyama wana haki ya kuhurumiwa, kwa hiyo siri ya manyani wanaochapwa inapogunduliwa inakuwa mashtaka. Tunaisikia habari yote kutoka kwenye kinywa cha Adili akijieleza kwa nini anachapa. Na kisa hakifiki mwisho mpaka kipigo kimekoma na ndugu wamerudishiwa ubinadamu wao. Ukisoma polepole utaona kiboko kilifanya kazi moja tu, kuwaweka manyani kuwa manyani. Kilichowarudisha utu kilikuwa huruma. Kitabu kina mahubiri, tena marefu, na majina yale kwa mtoto wa leo yanaweza kuonekana ya kimabavu kidogo. Lakini hakimdanganyi msomaji kwamba maumivu yanafundisha.

Kwa upande wa siku hizi, kazi ambayo imelielewa hili naiona zaidi kwenye runinga kuliko kwenye vitabu. Akili and Me, katuni ya Ubongo ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2016, inamfuata Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala anaingia Lala Land kwa rafiki zake wanyama. Ndani yake kuna herufi na namba, kuna pia hasira, woga na kugombania vitu. Wanaimba, wanarudia, wanarudia tena. Mtu mzima anachoka, mtoto hachoki, maana kurudia ndiyo njia yake ya kushika jambo. Upungufu wake ni ule wa runinga yoyote: haisubiri. Mtoto akiuliza "kwa nini kakasirika?" picha imeshapita. Kitabu kinasubiri, na pembeni yake kuna mama, baba, bibi au dada wa kazi anayeweza kujibu. Kwa nguvu hiyo yote, inasikitisha kuona kitabu kinatumika kutishia meno.

Kwani ni vigumu kiasi gani? Chukua jambo moja dogo la kwetu: kunawisha wageni. Kwenye nyumba nyingi, kabla ya chakula mtoto hupita na jagi na beseni, anaanza kwa mkubwa kuliko wote, anamwagia maji mikononi, anahamia kwa anayefuata. Ndani ya kazi hii kuna usafi, heshima, mpangilio, na kujua nguvu za mkono wako mwenyewe. Sasa mpe jagi mtoto wa miaka sita kwa mara ya kwanza. Jagi ni zito. Sebuleni wamekaa wageni saba. Kwa babu anamimina kwa mapenzi, maji yanajaa beseni. Kwa mjomba pia. Akifika kwa mgeni wa tano anachungulia ndani ya jagi, na tumbo linamcheza: maji yaliyobaki hayatafika kwa wawili wa mwisho. Afanye nini? Apunguze? Arudi jikoni wageni wakiwa wamenyoosha mikono? Aombe msaada?

Hiyo ni hadithi. Ina hofu ya kweli, ya ukubwa wa mtoto, na hakuna aliyekosa wala anayestahili kung'olewa jino. Mtoto anayesikiliza atashika pumzi, na kesho yake atakapopewa jagi atamimina kwa kipimo bila kuambiwa. Asipoulizwa amejifunza nini, si neno. Utaliona jagi lilivyoshikwa.

Kwa hiyo ukienda kununua kitabu cha mtoto, fungua katikati kwanza. Pita ukurasa wa mwisho wenye maswali, pita jalada lenye neno "maadili". Tafuta mkono wa mtoto: unafanya nini, unashika nini, unakosea wapi, na nani yuko karibu wakati unakosea. Kama kitabu kizima mtoto ana masikio tu ya kusikia maonyo, kirudishe kwenye rafu. Na waandishi, samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, tunakubaliana. Ila kukunja samaki ni kazi ya vidole. Hajawahi kukunjika kwa kusemeshwa.